Jiji linaeneza ugonjwa, jiji hilo hilo linazaa mawazo: ni njia moja au mbili?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi, nimemfupisha kidogo: "Mtaalamu, nasikia mji ukikua na magonjwa yanasambaa zaidi, hapo hapo wachumi wanatuambia miji mikubwa ndiko uvumbuzi unakotokea. Sasa hicho ni kitu kimoja au viwili? Maana kama ni kimoja, tukizuia watu kukutana ili tuue ugonjwa si tunaua na ubunifu wao? Na sisi wa miji midogo tuko salama zaidi au tunajidanganya tu?"

Swali zuri sana hili, na nashukuru umeuliza yote kwa pamoja, kwa sababu wengi wanaonijia wanauliza nusu: mtu wa afya anauliza ya magonjwa anaondoka, mtu wa biashara anauliza ya ubunifu anaondoka, hawakai chumba kimoja. Jibu langu la haraka ni kwamba chanzo ni kimoja ila njia ni mbili. Chanzo ni watu kukutana. Lakini kirusi na wazo jipya havipiti kwa watu kwa namna moja, na hiyo tofauti ndo inayotupa upenyo wa kubana kimoja bila kukikaba kingine mpaka kife. Ni maelezo marefu kidogo, vumilia.

Tuanze na namba. Mwaka 2007 Luís Bettencourt, Geoffrey West na wenzao walichapisha utafiti wa data za miji ya Marekani, Ulaya na China, na swali lao lilikuwa jepesi tu, mji ukiwa na watu mara 2 ya mji mwingine, vitu vingine vinakuwa mara ngapi? Ungetegemea mara 2, si ndio? Kumbe sivyo. Vitu vinavyotokana na watu kuhusiana, kama mishahara, hataza (hizi hati za kulinda uvumbuzi), uhalifu mkubwa, vinakuwa kama mara 2.2, maana yake ukigawa kwa kichwa kila mtu ana nyongeza ya kama asilimia 11. Hataza zenyewe zilifika mara 2.4, na wagonjwa wapya wa UKIMWI kwenye data za Marekani walikuwa kama mara 2.3. Upande wa pili kuna miundombinu, nyaya za umeme, lami, vituo vya mafuta, hivyo vinaongezeka kama mara 1.7 au 1.8 tu kwa sababu watu wengi wanachangia waya mmoja na barabara moja.

Kumbuka hilo la mwisho maana nitalirudia, watu huwa wanalisahau: jiji linazidisha ugonjwa lakini pia linashusha gharama ya kumpelekea kila mtu maji safi.

Halafu nikutahadharishe kidogo hapa. Hizo namba siyo sheria ya fizikia, ingawa wapo wanaozitaja kama vile ni sheria ya fizikia. Ukichora mpaka wa mji tofauti, ukaingiza au ukatoa vitongoji, kipimo kinasogea, na wapo watafiti waliofanya zoezi hilo kwa miji ya Uingereza wakakuta baadhi ya vipimo vinabadilika kweli kweli. Na kwa magonjwa kuna jambo jingine, mji mkubwa una maabara nyingi na kliniki nyingi, kwa hiyo na kuandikisha wagonjwa unaandikisha zaidi. Mimi nachukua mwelekeo, desimali nawaachia wenyewe.

Sasa kwa nini inakuwa hivyo? Hesabu yake rahisi tu. Watu 10 wanatengeneza jozi 45 za watu wanaoweza kukutana. Watu 20 wanatengeneza jozi 190. Watu wameongezeka mara 2, jozi zimeongezeka zaidi ya mara 4. Bila shaka hakuna anayekutana na wote, siku ina masaa 24 na nauli inauma, ndo maana nyongeza halisi inabaki hiyo ndogo ya asilimia 11 na siyo mia kwa mia. Mwaka 2014 Markus Schläpfer na wenzake walilipima hili kwa rekodi za simu za Ureno na Uingereza, siyo maneno yaliyosemwa bali nani kampigia nani, wakakuta mtu wa Lisbon, mji wenye watu kama laki tano na nusu, ana watu anaowasiliana nao karibu mara 2 ya mtu wa Lixa ambako kuna watu elfu 4 na kidogo.

Kwenye utafiti huo huo kuna kitu ambacho kwangu mimi ndo utamu wenyewe na watu wanakipita haraka. Waliangalia pia, je, marafiki zako nao wanajuana wenyewe kwa wenyewe? Tumezoea kusema mjini watu hawajuani, kila mtu na lake. Data ikakataa. Kiwango cha marafiki zako kujuana wao kwa wao kilikuwa karibu kile kile mji mkubwa na mji mdogo. Yaani mtu wa jiji anajijengea kijiji chake ndani ya jiji, tena anajengea kadhaa, cha kazini, cha ibada, cha mpira, cha watu aliosoma nao, na yeye mwenyewe ndo anabaki njia panda kati ya vijiji hivyo. Usiliache hilo likupite, maana jibu la swali lako limelala hapo.

(Nikisema mtandao wa watu hapa simaanishi app za kwenye simu, namaanisha nani anakutana na nani, nani anaongea na nani. App ni sehemu ndogo tu.)

Haya, ugonjwa sasa. Wengi wanaufikiria kwa wastani, mgonjwa mmoja anaambukiza watu wawili au watatu, hao watatu nao watatu, inaenda hivyo. Wastani huo unadanganya vibaya. Magonjwa mengi ya kuambukiza hayaendi kwa usawa kabisa, wagonjwa wengi hawamwambukizi mtu yeyote halafu wachache wanaambukiza wengi. James Lloyd-Smith na wenzake walilionyesha vizuri mwaka 2005 kwa data za SARS (ugonjwa mkali wa njia ya hewa) na magonjwa mengine kadhaa. Na SARS yenyewe ndo mfano unaoeleweka haraka: Februari 2003 daktari mmoja aliyekuwa ametibu wagonjwa kusini mwa China alifika Hong Kong akalala hoteli inaitwa Metropole, ghorofa ya 9, akaambukiza wageni wenzake, na wale wageni wakapanda ndege, ugonjwa ukafika Toronto, Hanoi na Singapore ndani ya siku chache. Mpaka unaisha walikuwa wameugua zaidi ya watu 8,000 na waliokufa ni 774. Ghorofa moja ya hoteli!

Sasa angalia vizuri kilichofanya kazi pale. Siyo kwamba Hong Kong ina msongamano, ingawa unao. Ni kwamba watu wa mitandao tofauti kabisa, ambao kwa kawaida hawakutani, walikutana mahali pamoja kwa usiku mmoja halafu wakatawanyika. Hiyo hoteli ilikuwa njia panda. Msongamano peke yake ni kipimo butu, majumba marefu yenye maji, choo na hewa ya kutosha yanaweza kuwa salama kuliko nyumba moja ya chini ambayo watu wanane wanalala chumba kimoja, na hapa huwa nagombana na watu wa mipango miji wanaotaka kutawanya mji kama dawa ya magonjwa. Unautawanya mji, watu wanabaki wamebanana vyumbani vile vile, umeongeza urefu wa bomba tu na nauli.

Kuna jambo moja la kihesabu hapa ambalo ukilielewa utaona mambo mengi kwa jicho jingine. Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alionyesha kwamba kwa wastani marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Usikasirike, siyo wewe tu, ni wengi wetu, na sababu yake ni kwamba mtu mwenye marafiki wengi anahesabiwa mara nyingi, anatokea kwenye orodha za watu wengi, na mpweke anatokea kwenye orodha chache au hatokei kabisa. Kwa hiyo ukimchukua mtu yeyote bila kuchagua ukamwambia nitajie rafiki yako mmoja, huyo atakayetajwa ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtu wa njia panda kuliko yule uliyemuuliza. Nicholas Christakis na James Fowler walilijaribu hili chuo kikuu cha Harvard wakati wa mlipuko wa mafua ya H1N1 mwaka 2009, kundi moja la wanafunzi waliochaguliwa bila mpangilio na kundi la pili la marafiki waliotajwa na wenzao, jumla watu 744, na mafua yalipiga kundi la marafiki karibu wiki 2 mapema. Wiki 2 kwa mtu wa afya ya jamii ni mali. Na hukuhitaji kuchora ramani ya urafiki ya chuo kizima, umeuliza swali moja tu. Hata kwenye chanjo, kama dozi ni chache, kumchanja rafiki aliyetajwa badala ya mtu wa kuokota tu kunazuia zaidi kwa dozi zile zile, hilo Reuven Cohen na wenzake walishalipigia hesabu mwaka 2003.

Mpaka hapa unaweza kusema sawa, na wazo si linapita vile vile? Mtu wa njia panda ndo wa kwanza kupata mafua na ndo wa kwanza kupata habari. Kwa habari, ndiyo kabisa. Mark Granovetter mwaka 1973 aliandika makala maarufu sana, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara walikuwa kama asilimia 17 tu. Zaidi ya nusu walisema mara moja moja, na wengine asilimia 28 walisema ni nadra sana. Rafiki wa karibu anajua unachojua tayari, yule mnayeonana kwa nadra anatoka kwenye duara jingine, anakuja na kitu usichonacho. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee, ila kwa SARS mgeni alikuja mwenyeji akaugua, ni mlango ule ule. Na hili lilipimwa upya, mwaka 2022 yalitoka matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu milioni 20 wa LinkedIn (mtandao wa watu wa kazi) kwa miaka 5, ikaonekana kweli uhusiano wa mbali kiasi ndo unasaidia kuhama kazi kuliko ule wa karibu sana. Wa mbali kiasi lakini, siyo yule mtu humjui hata kidogo.

Ila kusikia siyo kufuata. Hapa ndo njia zinapoachana, na hapa naomba utulie kidogo.

Kirusi hakihitaji kukushawishi. Ukikutana na mgonjwa mmoja, mara moja, ukavuta hewa ile, basi, inatosha. Lakini kubadilisha mbegu unayopanda, au namna unavyotibu wagonjwa wako, au kuweka hela yako kwenye mfumo mpya wa malipo, hapo mtu mmoja wa mbali akikuambia unasema ahaa, halafu unaendelea na maisha yako. Mpaka uone jirani amefanya, na shemeji amefanya, na yule mnayeheshimiana kazini naye amefanya na hajafilisika, ndo unasogea. Ile ya kirusi, inayotosha mtu mmoja, watafiti wanaiita maambukizi sahili, na hii ya kungoja wengi wanaiita maambukizi changamano, na aliyelisukuma sana hili ni mwanasosholojia Damon Centola. Mwaka 2010 alichapisha jaribio, alitengeneza jamii za mtandaoni za watu zaidi ya 1,500, wengine akawaweka kwenye mtandao ambao majirani zako nao ni majirani wao kwa wao, wengine akawaweka kwenye mtandao uliochanganywa ovyo wenye njia nyingi za mkato. Kwa ugonjwa, ule mtandao wa pili ungeshinda asubuhi na mapema. Lakini alichokuwa anasambaza ni tabia, kujiunga na jukwaa la afya, na matokeo yakageuka: kwenye mtandao wa majirani wanaojuana walijiunga kama asilimia 54, kwenye ule wa mikato asilimia 38, na ule wa majirani ulienda haraka zaidi pia.

Miaka mingi kabla yake wanasosholojia wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, walifuatilia wakulima 259 wa jimbo la Iowa, Marekani, na mbegu chotara za mahindi, utafiti ulitoka mwaka 1943. Habari za mbegu wakulima walizisikia mapema, wengi kutoka kwa wauzaji. Lakini kati ya kusikia na kupanda shamba zima ilipita miaka, na waliowasukuma hatimaye walikuwa majirani siyo wauzaji. Tena hata aliyeanza, alianza na kipande, akaongeza msimu uliofuata. Mbegu ilikuwa bora kweli, siyo kwamba walikuwa wajinga, walikuwa wanalinda kisichokuwa na bima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa London 1854 kwa sababu una vyote viwili ndani yake, ugonjwa na wazo vikikimbizana mtaa ule ule. Kipindupindu kiliingia eneo la Soho kupitia kisima cha pampu cha mtaa wa Broad Street, wakafa zaidi ya watu 600, wengi wao ndani ya siku kama 10. Daktari John Snow tayari alikuwa na nadharia kwamba ugonjwa unakuja na maji, siyo na hewa mbaya kama wakubwa walivyoamini. Kila mtu anamjua Snow na ramani yake. Asiyejulikana sana ni padri msaidizi wa parokia ile, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alikuwa anampinga Snow na alianza uchunguzi wake ili amwonyeshe kuwa amekosea. Whitehead alikuwa anazijua familia za pale nyumba kwa nyumba, nani alikunywa wapi, nani alikufa lini, nani alihama, na yeye ndiye aliyekuja kugundua mtoto mchanga wa nyumba namba 40, ambaye maji yaliyofuliwa nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la uchafu jirani kabisa na kisima. Snow peke yake alikuwa na wazo na hesabu, Whitehead peke yake alikuwa na mtaa. Jiji likawakutanisha. Na hapo ndo unaona kwa nini nasema mtu wa jiji ni njia panda ya vijiji vyake.

Lakini sasa angalia mwendo. Kipindupindu kilihitaji siku chache kueneza msiba kwenye mitaa ile. Wazo la Snow, pamoja na ushahidi wote huo, lilikataliwa na kamati za wakati ule, yeye akafariki mwaka 1858 bila kuliona likikubalika. William Farr, mtu mkubwa wa takwimu za vifo, alikuja kushawishika kabisa kwenye mlipuko wa 1866, uliopiga mashariki mwa London, sehemu ambayo mfumo mpya wa majitaka ulikuwa haujakamilika. Mji ule ule, watu wale wale, ugonjwa siku na wazo miaka zaidi ya 10. Wazo lilikuwa linadai washawishike wengi kwa pamoja, na washawishike ndani ya kamati ambazo wote walijuana na wote waliamini hewa mbaya. Kundi linalojuana sana linaweza kuwa ngome ya kupokea jambo na pia ngome ya kulikataa, hilo Centola mwenyewe hakulikwepa, na leo tunaliona kwenye chanjo ya surua: takwimu za nchi nzima zinasema asilimia 95 wamechanjwa, unafurahi, kumbe wale asilimia 5 waliobaki hawajatawanyika, wako pamoja, watoto wao wanasoma pamoja, na surua, ambayo mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 hadi 18, inatafuta hapo hapo tu.

Nije kwenye swali lako la miji midogo. Kifupi: mnajidanganya kidogo. Surua kwa mfano haiwezi kuishi muda wote kwenye mji mdogo, Maurice Bartlett mwaka 1957 alikadiria unahitaji watu kama 250,000 mpaka 300,000 ili isizimike yenyewe, chini ya hapo inaunguza wote wasio na kinga inakufa, inasubiri kuletwa tena. Inasikika kama habari njema. Halafu soma yaliyotokea visiwa vya Faroe mwaka 1846. Surua ilikuwa haijaonekana huko tangu 1781, miaka 65, ikaletwa na chombo kimoja, na kati ya wakazi wasiofika 8,000 wakaugua kama 6,000. Daktari Peter Panum aliyetumwa kule aliona kwamba wazee waliougua zamani zile hawakuguswa. Kwa hiyo upweke unakupa miaka ya amani halafu unakudai yote kwa mkupuo, na zahanati ndogo haina vitanda vya mkupuo.

Mafua nayo yana staili hiyo hiyo. Benjamin Dalziel na wenzake mwaka 2018 walipitia data za miji zaidi ya 600 ya Marekani wakakuta miji midogo inapigwa kwa kilele kikali cha muda mfupi, pale hali ya hewa inapokikubali kirusi, na majiji makubwa msimu wao umetandazwa, unaanza mapema unachelewa kuisha, kwa sababu mikutano ni mingi kiasi kwamba kirusi kinapata njia hata hali ya hewa isipokuwa nzuri kwake. Kwa hospitali, wagonjwa wale wale wakija kwa wiki 12 ni kazi, wakija kwa wiki 4 ni balaa. Kwa hiyo wa mji mdogo msijilinganishe na jiji kwa idadi ya wagonjwa tu, jilinganisheni kwa upana wa msimu na idadi ya vitanda.

Sasa lile kubwa, tukizuia watu kukutana si tunaua ubunifu? Ukizuia kwa upanga mmoja, ndiyo, tunao ushahidi. Marekani ilipoingia kwenye marufuku ya pombe, mwanauchumi Michael Andrews alilinganisha maeneo yaliyolazimishwa kufunga baa na yale ambayo tayari yalikuwa hayana baa, akakuta hataza zilishuka kwa asilimia 8 hadi 18 kwenye miaka ya mwanzo. Siyo kwamba pombe inaleta akili (wapo watakaoinukuu hivyo wikendi), ni kwamba baa ilikuwa mahali pa watu wa kazi tofauti kukaa na kupiga stori. Na cha maana zaidi, baadaye hataza zikapanda tena, watu walitafuta sehemu nyingine za kukutana. Mtandao uliumia, ukajiunga upya.

Wakati wa Covid pia, watafiti waliangalia wafanyakazi wapatao 61,000 wa Microsoft kwa nusu ya kwanza ya 2020 baada ya wote kupelekwa nyumbani. Watu hawakuacha kuongea, waliendelea kuongea na wale wale wa timu yao. Kilichopungua ni muda wa kuongea na watu wa vikundi vingine, ulishuka kama asilimia 25. Yaani kukaa nyumbani kulikata zile njia panda, vijiji vikabaki. Kwa ugonjwa hiyo ni ushindi, njia panda ndizo zinazovusha kirusi. Kwa mawazo hiyo ni kama kufunga mlango wa mgeni, kazi za kila siku zinaenda lakini jipya haliingii. Mimi nadhani hili ndo jibu la kweli la swali lako, gharama ya kujifungia haionekani mwezi wa kwanza, inaonekana baadaye kwenye vitu ambavyo havikuzaliwa, na hivyo hakuna anayevihesabu.

Lakini si lazima upanga uwe mmoja. Serina Chang na wenzake walitengeneza modeli (hesabu ya kompyuta inayoiga hali halisi) kwa data za mienendo ya simu za watu milioni 98 kwenye majiji 10 makubwa ya Marekani, miezi ya mwanzo ya Covid. Kwa Chicago, modeli ilionyesha asilimia 10 tu ya maeneo ya kutembelewa ndiyo yaliyobeba asilimia 85 ya maambukizi yaliyokadiriwa kutokea kwenye maeneo hayo. Na ukiweka kikomo cha watu ndani, asilimia 20 ya uwezo wa mahali, unapunguza maambukizi mapya kwa zaidi ya asilimia 80 huku ukipoteza asilimia 42 ya matembezi. Ni modeli, nakubali, siyo jaribio, ila mantiki yake inaendana na kila tulichoona toka SARS: hatari haijatandazwa sawa, imelundikana kwenye vyumba vichache vyenye watu wengi, muda mrefu, hewa haba. Kutembea, kukaa nje kwenye hewa, watu wanne kukutana kujadili jambo lao, huko kirusi hakipati sana na mazungumzo yanapata sana.

Njia ya pili ya kutofunga kila kitu ni kuutumia mtandao wenyewe kuukamata ugonjwa. Julai 2014 msafiri mwenye Ebola alitua Lagos kwa ndege, jiji la watu wanaokadiriwa kuwa milioni 20 hivi, wengi wetu tuliokuwa tunafuatilia tulishika vichwa. Wakawatafuta waliokutana na wagonjwa, karibu watu 900, wakawatembelea nyumbani na kupima joto, matembezi kama 18,500, kazi kubwa ikifanywa na watu na vituo vilivyokuwa tayari vimejengwa kwa ajili ya kupambana na polio. Mlipuko wa Nigeria ukaishia wagonjwa 20, wakafa 8, na tarehe 20 Oktoba WHO ikatangaza umeisha. Jiji halikufungwa. Na angalia, wale watu wa polio hawakuanza kujuana siku ile, walikuwa wanajuana miaka, wana madereva, wana ramani, wana imani ya mitaa. Zile nyuzi za jiji ambazo zinaeneza ugonjwa ndizo zilizotumika kuukimbilia.

Kwa hiyo kama wewe uko kwenye halmashauri au unamfahamu aliyeko, na mkaniuliza tuanzie wapi, nitasema tuanzie pale nilipokuambia ukumbuke, bomba. Maji, choo na madirisha ya madarasa havizuii mtu yeyote kukutana na mtu, na jiji likikua kila mkazi anavipata kwa gharama ndogo zaidi. Baada ya hapo tafuteni vyumba vyenu vichache vya hatari na mjue idadi yake kabla ya mlipuko, maana wakati wa mlipuko mtafunga vyote kwa woga. Halafu ulizeni watu swali lile moja, nitajie rafiki yako, mjue watu wa njia panda ni akina nani, hao wapate chanjo mapema na wapewe habari mapema. Na mkitaka wafuate jambo jipya, liwe chanjo au mbegu, msitafute mtu mmoja maarufu wa kulitangaza mji mzima, chagueni mtaa mmoja mkae nao mpaka majirani kadhaa waanze kwa pamoja, ndipo mwende mtaa unaopakana nao. Ni polepole, bajeti ya matangazo italalamika, lakini ndivyo mambo ya kushawishi yanavyotembea.